Maadili ya wanafunzi: tunahubiri kila siku na bado wanaibia mitihani, tatizo liko wapi?

Mzee wa Ubao

Wakuu salaam,

Hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, naomba tulijadili bila kuoneana aibu. Kila ikisikika mtihani umevuja, au madogo wamemzingira mwenzao bwenini wakampiga na kumrekodi video, au chuo kimefuta matokeo ya darasa zima kwasababu majibu yanafanana mpaka koma, sisi wazazi na walimu jibu letu huwa moja tu: waongezewe somo la maadili. Aitwe kiongozi wa dini aongee nao, yabandikwe mabango ukutani, waape mstarini asubuhi. Watu wanapiga makofi na picha zinapigwa, halafu mtihani unaofuata vikaratasi viko kwenye soksi kama kawaida.

Hoja yangu ni hii, hakuna mwanafunzi anayeibia mtihani kwasababu hajui kwamba kuibia ni vibaya. Muulize hata wa darasa la tatu atakueleza vizuri tu na mfano atakupa. Kwenye mtihani wa somo la maadili lenyewe watu wanapigiana chabo, sasa hapo utasema walikosa kufundishwa?

Na hili sio jipya. Miaka ya 1920 kule Marekani watafiti wawili, Hugh Hartshorne na Mark May, walichukua watoto kama 11,000 wakawapa nafasi za kudanganya za kila aina, mara wajisahihishie wenyewe, mara wacheze mchezo bila mtu kuwaangalia, mara waachiwe hela wakiamini hakuna atakayejua. Matokeo yalianza kuchapishwa 1928. Watu walitegemea watoto watagawanyika makundi mawili, waaminifu huku na waongo kule, haikuwa hivyo. Mtoto yule yule anadanganya kwenye hesabu halafu hela haigusi, mwingine kinyume chake, na wale waliokuwa na majibu mazuri ya maswali ya "jambo jema ni lipi" hawakuwa na tofauti kubwa na wenzao ilipofika kwenye kutenda.

Kuna nyingine ya 1973 ambayo kwangu ndio kali zaidi. John Darley na Daniel Batson walichukua wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia ya Princeton, yaani watu wanaosomea uchungaji, wakawaambia nendeni jengo la pili mkatoe hotuba fupi. Nusu yao hotuba yenyewe ilihusu ule mfano wa Msamaria Mwema. Njiani wakamweka mtu amejikunja mlangoni anakohoa na kulalama. Walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa "kimbia umeshachelewa", asilimia 10. Na kuwa na hotuba ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana, kilicholeta tofauti ni haraka. Hiyo 10 huwa hainitoki kichwani, maana nikiangalia shule zetu naona kitu kimoja tu wanafunzi wanachopewa kwa wingi, nacho ni haraka. Silabasi imalizwe, mtihani wa wiki, wa mwezi, wa majaribio, alafu tunashangaa kwanini mtoto kampita mwenzake anayelia koridoni.

Kwahiyo mimi naamini shule inafundisha maadili masaa yote hata siku ambayo ratiba haina hilo somo. Inafundisha kwa jinsi inavyojiendesha. Mwalimu anachelewa nusu saa hasemi hata samahani, mwanafunzi akichelewa dakika tano anapiga magoti. Alama za mazoezi zinapikwa ili shule isionekane imeanguka na wanaotumwa kuzijaza ni wanafunzi wenyewe. Mtoto wa mtu mkubwa anakutwa na simu anarudishiwa, wa mtu wa kawaida inavunjwa mbele ya wenzake. Hayo yote yanasomwa, na yanaeleweka kuliko bango lolote.

Nawasilisha, karibuni mnikosoe.

Mama Watatu

Mleta mada umeongea vizuri ila umeruka sehemu kubwa, nyumbani. Mtoto anakuja shuleni ana miaka sita saba, tayari ameshajifunza kwamba mama akipigiwa simu na mtu asiyemtaka anasema "mwambie sipo". Ameshaona baba analipa kitu kidogo ili jambo lake lipite haraka. Sasa mwalimu mmoja mwenye watoto sabini atarekebisha nini hapo? Mimi ni mzazi na nasema wazi, sisi ndio tunaonunua mitihani iliyovuja. Mtoto wa shule hana hizo hela. Mzazi ndio anaunganishwa kwenye magrupu ya simu, mzazi ndio anatuma, halafu anamwambia mtoto "hii ni ya kukusaidia tu usimuonyeshe mtu". Mtoto akishaambiwa hivyo na mama yake mzazi hakuna kiongozi wa dini atakayemrudisha.

Mzee wa Ubao

Mama Watatu nakazia kwa asilimia zote. Hilo la mzazi kununua mtihani nililiacha kwasababu linahitaji uzi wake. Ila naomba nisisitize, nyumbani kubovu kusiwe sababu ya shule kunawa mikono. Mtoto anaweza kabisa kuwa na sura mbili, ya nyumbani na ya shule, na hao watoto 11,000 ndicho walichoonyesha. Mahali pakiwa na utaratibu unaoeleweka, hata mtoto wa nyumba mbovu anatulia.

Ticha wa Zamu

Mimi niko darasani mwaka wa ngapi huu na nitasema ambacho wengi hamtaki kusikia. Fimbo iliondoka na nidhamu ikaondoka nayo. Zamani mwanafunzi akimuona mwalimu anavuka barabara, leo anakuangalia usoni anakujibu "kwani we nani". Mnaleta watafiti wa Marekani na theolojia, mimi nina watoto ambao wakijua hakuna kitakachowapata hawafanyi kitu. Hofu ni mwanzo wa nidhamu. Na simu ndizo zimemalizia, kabla ya simu watoto hawakuwa hivi.

Bint Kalamu

Ticha wa Zamu shikamoo, naomba nikujibu kwa heshima kabisa maana najua kazi yako ni ngumu.

Kwanza hilo la simu. William Bowers aliwauliza wanafunzi zaidi ya 5,000 wa vyuo 99 vya Marekani, utafiti ukatoka 1964. Karibu robo tatu walikiri wameshawahi kufanya aina fulani ya udanganyifu wa masomo. 1964 ticha, hakukuwa na simu ya mkononi wala intaneti. Simu imerahisisha tu, hamu ilikuwepo.

Pili fimbo. Kuna utafiti wa Victoria Talwar na Kang Lee wa 2011, na huu haukufanyika Marekani, ulifanyika Afrika Magharibi kwenye shule mbili za watoto wa miaka mitatu na minne. Shule moja adhabu ilikuwa kali, fimbo, makofi, kufinywa, nyingine mtoto anaonywa kwa maneno. Mtoto anakalishwa ameupa mgongo mdoli au kitu cha kuchezea, anaambiwa usigeuke, mtu mzima anatoka. Shule zote mbili watoto wengi waligeuka, watoto ni watoto. Tofauti ikaja kwenye kuulizwa "uligeuka?" Kwenye shule isiyo na fimbo waliodanganya ni zaidi kidogo ya nusu ya waliogeuka. Kwenye shule ya fimbo karibu wote waliogeuka walidanganya, tena waliudanganya uongo wenye akili, hata ukiwahoji zaidi hawajichomi. Yaani fimbo haikuwazuia kugeuka, iliwafundisha kuficha. Watoto wa miaka mitatu hao, sasa fikiria akifika kidato cha nne atakuwa fundi wa kiwango gani.

Mtoto ambaye kila kosa ni kipigo hawezi kukuambia ukweli hata akitaka. Na ukweli ukishakuwa na gharama kubwa hivyo, hata yule anayeonewa bwenini hatakuja kwako, kwasababu ukimpiga aliyemuonea usiku atamaliziwa yeye. Hili la kuoneana mnalichukulia kama utoto, sio utoto. Watu wameacha shule kwa sababu hiyo.

Ticha wa Zamu

Marahaba binti. Nimekusoma, hiyo ya kuficha siwezi kuipinga kwasababu naiona. Ila bado sijaambiwa mbadala. Kuonya kwa maneno darasa la watu sabini ni kupiga kelele tu.

Dogo wa Chuo

Ngoja niseme upande wetu maana hapa wanaongea wakubwa tu. Mimi niko mwaka wa pili na sitetei udanganyifu ila mjue unavyotokea. Lekchara anatoa asaimenti ambayo ni ile ile ya miaka yote, majibu yapo yanazunguka, anayekuja kuisoma hayupo kwasababu maksi zinatoka bila hata alama moja ya kalamu kwenye karatasi. Ukikaa usiku mzima ukaandika kwa akili yako unapata 14, aliyekopi na kupesti anapata 17. Unafanya hivyo mara ya kwanza, mara ya pili unaanza kujiuliza kwani mimi najitesa nini.

Kazi za kundi nazo ni hivyo hivyo. Watu nane kwenye kundi, wanaofanya wawili, sita wanatuma majina. Siku ya kuwasilisha wale sita wanavaa vizuri wanasimama mbele. Ukisema uwatoe majina unaitwa mchoyo, snichi, huna utu. Nimeona watu wakitengwa semista nzima kwa hilo.

Na tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 ndio imekuwa balaa, sasa hivi hata ule usumbufu wa kutafuta mtu wa kumkopi haupo. Unabandika swali unapata kurasa tano. Tukiulizwa tunajibu "kila mtu anafanya", na ukweli ni kwamba tunaamini hivyo, kila mtu anamwangalia mwenzake.

Mwalimu wa Chuo

Dogo nashukuru kwa kuwa muwazi, na hilo la kusahihisha bila kusoma linatuhusu sisi na ni aibu yetu. Mwalimu asiyesoma kazi ya mwanafunzi hana haki ya kulalamika kwamba mwanafunzi hakuiandika.

Hilo neno lako "kila mtu anafanya" ndio ufunguo. Donald McCabe na Linda Treviño walichapisha utafiti 1993, vyuo 31, wanafunzi zaidi ya 6,000, wakilinganisha mambo mengi yanayoendana na kudanganya. Lililoshinda yote ni mwanafunzi anavyoona wenzake wanafanya nini, hata ukali wa adhabu uko nyuma yake. Kwahiyo mwanafunzi mmoja akidanganya na kila mtu akajua na hakuna kilichotokea, hujapoteza mmoja, umepoteza darasa.

Kitu kingine ninachokiona ofisini kwangu ni visingizio, na vinafanana ajabu. Gresham Sykes na David Matza waliandika 1957 kuhusu vijana wahalifu, kwamba kijana haanzi kwa kuikataa sheria, anabaki anaikubali ila anajipa ruhusa siku hiyo. Wakataja njia tano za kujiruhusu. Nikizisoma nawaona wanafunzi wangu. "Muda ulikuwa hautoshi ningefanyaje", hapo kosa sio langu. "Kwani nimemuumiza nani", hapo hakuna madhara. "Lile somo lenyewe la kipuuzi wanastahili", hapo aliyekosewa hana haki. "Lekchara mwenyewe hafundishi anauza notsi", hapo mwenye kunihukumu ndio mchafu. Na ya mwisho ndio ngumu kuliko zote, "nisingeweza kumuacha rafiki yangu afeli". Hiyo ya tano inauma kwasababu ndani yake kuna kitu kizuri, kuna utu, ila umetumika vibaya. Somo la maadili linalomwambia mwanafunzi "usiibe" haligusi hata kimoja katika hivyo vitano. Mimi siku hizi mwanzo wa semista naviandika vyote ubaoni, tunavichambua kimoja kimoja kabla hakijahitajika. Akija kunipa kisingizio baadaye anajua mwenyewe kwamba ni namba ngapi.

Sauti ya Nyuma

Mnaongea mambo ya kukopi, sawa, lakini mwalimu wa chuo umepita haraka kwenye "mwenye kunihukumu ndio mchafu". Semeni rushwa ya ngono. Msichana amefaulu kabisa, maksi zake zinazuiliwa, anaambiwa njoo tuongee jioni na sio ofisini. Akikataa anarudia somo, akikubali anaishi na hilo maisha yake yote, na wenzake wanasema alipata kwa mwili. Halafu huyo huyo mtu ndio anakaa kwenye kamati ya nidhamu kuwahukumu wanafunzi waliovaa vibaya. Utaniambia nini kuhusu maadili ya wanafunzi mbele ya hilo?

Ninachotaka kwenye huu uzi ni kitu kimoja, kusahihisha kusiwe mikononi mwa mtu mmoja. Karatasi ziandikwe namba badala ya jina, msahihishaji wa pili awepo, na mwanafunzi akilalamika lalamiko lisiende kwa rafiki wa mlalamikiwa. Hayo hayahitaji mahubiri, yanahitaji uongozi kuamua.

Mwalimu wa Chuo

Sauti ya Nyuma uko sahihi na nilipita haraka kweli. Namba badala ya jina inasaidia pande zote mbili, hata yule mwalimu msafi inamlinda na maneno.

Mkazi wa Hoja

Nimesoma mwanzo mwisho na kuna kitu hakinikai. Mnavyoongea ni kama mwanafunzi hana kosa, kosa ni la mazingira, la haraka, la fimbo, la lekchara. Mbona kwenye darasa hilo hilo na lekchara huyo huyo kuna asiyedanganya? Hata kwenye huo utafiti wa Msamaria wapo waliokuwa na haraka na bado wakasimama. Tukiondoa dhamira ya mtu tunabaki na nini, roboti?

Mzee wa Ubao

Mkazi wa Hoja swali zuri, hili nililitegemea.

Sisemi dhamira haipo. Hata zile data za Hartshorne na May zilipochambuliwa upya miaka ya sitini ilionekana kuna kiasi fulani cha uaminifu ambacho mtoto anatembea nacho kutoka sehemu moja kwenda nyingine, sio kikubwa ila kipo. Swali langu ni kwamba hicho kinakuaje? Kinakua kwa kutumika. Na shule nyingi hazimpi mwanafunzi nafasi ya kuitumia dhamira yake hata mara moja, kila kitu kimeamuliwa, yeye kazi yake ni kutii au kukwepa. Ukimfungia mtu kwenye kutii na kukwepa kwa miaka kumi na tatu anatoka anajua hivyo viwili.

Lawrence Kohlberg, yule mwanasaikolojia wa Marekani aliyesema uelewa wa maadili unakua ngazi kwa ngazi, miaka mingi alikuwa anawapa watu visa vya kufikirisha wavijibu, mwisho akaona kujibu visa hakutoshi. 1974 wakaanzisha shule ndogo ndani ya sekondari moja pale Cambridge, Massachusetts, kila wiki wanafunzi na walimu wanakaa kikao kimoja, mwalimu kura moja, mwanafunzi kura moja, wanatunga sheria za shule yao. Ikatokea hela ya msichana mmoja imeibiwa kwenye pochi. Kwa kawaida hapo angeitwa mwalimu wa nidhamu, wakaguliwe mabegi, wapigwe wote mpaka mmoja aseme. Wao walikaa wakabishana, kuna aliyesema ni uzembe wake mwenyewe kwanini aliiacha, mwingine akasema hapana, kama mtu anaweza kuibiwa hapa basi hili ni letu sote. Wakakubaliana kila mmoja achange senti kidogo arudishiwe. Hiyo ndio dhamira ninayoisema mimi, imeulizwa swali la kweli lenye hela ya kweli, na mtoto amejibu mbele ya macho ya wenzake.

Pia chuo kikuu cha Princeton, sio ile seminari, utaratibu wa mitihani kusimamiwa na uaminifu wa wanafunzi wenyewe ulianza 1893 na walioudai ni wanafunzi. Sio kwamba kila shule ikurupuke kesho itoe wasimamizi, hapana, ule unafanya kazi pale ambapo wanafunzi wenyewe wanauona ni wao. Ukiuleta kutoka juu unakuwa fomu nyingine ya kusaini.

Kwahiyo aliyesimama pamoja na haraka yake nampa heshima zake zote. Ila mimi kama mwendesha shule kazi yangu sio kukaa kusubiri mashujaa, kazi yangu ni kumfanya wa kawaida aweze.

Ticha wa Zamu

Haya wakuu, mimi Jumatatu naingia darasani, watoto sabini, madawati wanakaa watatu watatu. Nipeni kitu cha kufanya sio cha kusoma.

Mwalimu wa Chuo

Ticha, kwa uzoefu wangu anza na hivi. Jaribio la wiki tunga matoleo mawili, maswali yale yale namba zimebadilishwa, anayekaa katikati apewe tofauti. Inachukua nusu saa yako na inaua kupiga chabo bila wewe kumgombeza mtu. Punguza uzito wa jaribio moja moja, mtoto ambaye maisha yake yote hayajawekwa kwenye karatasi moja ana sababu ndogo ya kuibia. Na mtoto akikosea akaja mwenyewe kusema, adhabu yake iwe nyepesi kuliko ya aliyekamatwa, tena watangazie mapema ili wajue, usije ukaibadilisha siku ukiwa na hasira. Ukiivunja mara moja imekufa.

Bint Kalamu

Naongezea, kwa wanaoonewa weka njia ya kukuambia ambayo haionekani. Mimi nilikuwa na mwalimu ambaye kila Ijumaa kila mtu anaandika karatasi, hata kama huna la kusema unaandika "sina", kwahiyo hakuna anayejulikana kaandika nini. Na akishasoma hakuwa anamkimbilia mwonevu siku hiyo hiyo, alikuwa anabadilisha vitanda, zamu, makundi ya usafi, kimya kimya, halafu ndio anaongea na wahusika.

Ticha wa Zamu

Karatasi ya Ijumaa naichukua na matoleo mawili nayachukua. Hili la aliyejisema kupunguziwa adhabu itabidi kwanza nilipeleke kikao cha walimu, maana mmoja akipunguza na mwingine akapiga kwa kosa lile lile watoto watatuchezea. Na najua nani atapinga. Nikitoka kikaoni nitarudi hapa kuwaambia wamesemaje.